Nakala Iliyolala Chumba Kimoja na Asili Yake

Mtumishi wa umma aliyefanya kazi masijala hahitaji kufundishwa thamani ya jalada. Jalada likipotea, haki ya mtu hupotea nalo: mjane hucheleweshewa mirathi, mwalimu hukosa kupandishwa daraja kwa kuwa barua yake ya kuthibitishwa kazini haionekani, na mwananchi huambiwa aje kesho, na kesho hiyo huzaa kesho nyingine. Ndiyo maana enzi za taipureta barua ya serikali haikupigwa peke yake. Karatasi ya kaboni iliwekwa katikati, nakala moja ikaingia jaladani, nyingine ikapelekwa ofisi nyingine. Desturi hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Nyumba ikiungua mkoani, barua bado iko wilayani.

Leo majalada yamehamia katika kompyuta, na uhamaji huo ni wa lazima. Hakuna mwenye busara anayetaka kurudi nyuma. Linalosikitisha ni kwamba mahali pengi desturi ya nakala ya pili haikuhama pamoja na majalada. Wakubwa hununua mitambo, hukata utepe, kisha suala la akiba huliacha mikononi mwa fundi kijana asiye na fungu la fedha wala sauti mkutanoni. Matokeo ya mwenendo huo yameonekana waziwazi, tena katika nchi ambayo kwa ufundi wa kompyuta haina wa kuicheka.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea ya Kusini mjini Daejeon. Ulianzia kwenye betri za lithiamu, zile zinazoshika mzigo umeme unapokatika, wakati mafundi wakiwa katika kazi ya kuzihamisha. Ilichukua takriban saa 22 kuuzima. Kwa hesabu ya mwanzo, mifumo 96 iliharibiwa na moto wenyewe na mingine 551 ikazimwa kwa tahadhari, jumla 647. Huduma za fedha za posta zilisimama, vitambulisho vilivyomo katika simu vikakataa kufanya kazi, na yote hayo siku chache kabla ya sikukuu ya Chuseok, wakati ambapo jamaa hutumiana vifurushi kwa wingi.

Mengi kati ya hayo yalirekebishika. Lisilorekebishika lilikuwa ghala lililoitwa G-Drive. Humo ndimo watumishi wa serikali walimowekewa nyaraka zao za kazi, kila mmoja akiwa na nafasi ya gigabaiti 30. Tangu 2018 walikuwa wameelekezwa wasihifadhi kazi zao katika kompyuta za mezani, bali wazipeleke katika ghala hilo. Wizara inayosimamia utumishi ilitii kuliko wengine, ikaweka humo kila kilicho chake. Moto ulipopita, terabaiti 858 zilikuwa zimeteketea, na nakala ya nje haikuwapo. Mifumo mingine mingi ya kituo hicho ilikuwa ikinakiliwa kila siku na nakala zake kupelekwa mbali. G-Drive haikuwamo katika mpango huo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno, na mitambo yake haikuwa ya aina inayowezesha kunakili nje.

Yafaa kuutafakari uchungu uliomo humo. Waliopoteza kazi ya miaka hawakuwa wazembe, walikuwa watiifu. Mkubwa alitoa agizo, mdogo akalitekeleza, na utiifu wake ndio uliomponza. Waliobahatika kuwa na mabaki katika kompyuta za mezani, barua pepe au karatasi zilizochapwa ndio walioanza kuokota vipande.

Na hilo dai la ukubwa lipimwe kwa hesabu ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuisahihisha. Kanda ya sumaku ya aina ya LTO, kizazi cha tisa, ambayo imekuwapo sokoni tangu 2021, hubeba terabaiti 18 bila data kubanwa. Gawanya 858 kwa 18: hazizidi kanda 48. Kanda moja hushikika kiganjani, na hizo 48 zingeenea katika kabati dogo la ofisi. Mashine moja ya kuandikia, kwa kasi yake ya megabaiti 400 kwa sekunde, ingeimaliza kazi yote kwa siku 25 hivi. Mashine tano kwa siku tano. Baada ya hapo kinachonakiliwa kila usiku ni kile kilichobadilika tu. Bila shaka zipo gharama nyingine, za programu na za wataalamu, na mitambo ya zamani husoma polepole; si haki kudai kwamba kutenda kungekuwa rahisi kama kusema. Lakini ghala gani la serikali huruhusiwa kupokea mali ya umma kwa hoja kwamba ni kubwa mno kuwekewa mlinzi?

La kushangaza zaidi ni kuwa nchi hiyo ilikwisha kupata onyo. Tarehe 15 Oktoba 2022, betri za aina hiyo hiyo ziliwaka katika kituo cha data cha Pangyo, nje kidogo ya Seoul, na kampuni ya Kakao, ambayo karibu kila Mkorea huitumia kwa kutumiana ujumbe, ikanyamaza. Ilichukua saa 127 na nusu huduma zote kurejea. Kampuni ilikuwa na seva za kupokezana mahali pengine, ila mitambo ya kuongoza upokezanaji huo ilikuwa mle mle Pangyo. Ni sawa na kijiji kilichoweka ngoma ya kuitia msaada ndani ya nyumba inayoungua. Mmoja wa wakuu wa kampuni alijiuzulu, na Desemba mwaka huo Bunge likarekebisha sheria ili kuyabana makampuni yaweke mitambo ya akiba. Hapo serikali ilifanya vema. Lakini Novemba 2023 mtandao wake wenyewe wa utawala ulizimika, na mwaka 2025 ukaja moto wa Daejeon, hata Rais Lee Jae-myung ikambidi awaombe radhi wananchi. Kumsimamia jirani ni kazi nyepesi kuliko kufagia nyumba yako.

Upo mkanganyiko mmoja unaowapotosha hata wasomi. Mwenye seva mbili zinazofanana, ya kwanza ikianguka ya pili hushika kazi, hudhani kwamba tayari ana akiba. Alichonacho ni uhakika wa kutosimama kazi, jambo jema sana, lakini seva ya pili huiga kila tendo la ya kwanza papo hapo, na kosa nalo ni tendo. Faili likifutwa huku, hufutwa na kule. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilijifunza somo hilo tarehe 27 Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipoingia katika mitambo yake. Seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya watumiaji wote wa mtandao wake duniani zilikuwa zikiigana, kila moja ikiwa akiba ya nyenzake. Aliyepanga hivyo hakuwaza kwamba zote zingeweza kufa pamoja. Zikafa pamoja, isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mashine ilikuwa imezimika kirusi kilipopita! Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa mwaka 2018, njia ya mawasiliano kutoka Ghana ilikuwa nyembamba mno kupitisha data hiyo, na watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja aruke hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaipeleka London. Kampuni kubwa kuliko nyingi duniani iliokolewa na kukatika kwa umeme katika Afrika ya Magharibi. Tangu hapo wataalamu wamezidi kusisitiza kwamba nakala moja lazima iwe imekatwa kabisa na mtandao. Maersk ilikuwa nayo bila kujua.

Hata pale ambapo kazi ya kunakili imepangwa, kuipanga si kuitimiza. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza programu za waandishi wa kompyuta, alikuwa akihangaika usiku kuirekebisha seva saidizi. Akafuta data katika seva kuu akidhani yuko katika ile saidizi. Alipogutuka, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki takriban nne na nusu. Basi wakakimbilia akiba. Kazi ya kunakili ya kila usiku ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo la programu yake halikupatana na toleo la hifadhidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikataliwa njiani na mtandao wa posta. Ghala lilikuwa tupu, na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi mmoja kwa mkono, saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Kazi ya saa hizo sita haikurudi. Kwa sifa yao, GitLab waliandika kila kosa hadharani bila kumtupia lawama yule mhandisi, uungwana ambao ni adimu katika ofisi nyingi, ziwe za umma au za watu binafsi.

Kuna na la kinyume chake. Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Desemba 2021, programu ya kunakili ndiyo iliyofuta. Mafundi wa kampuni iliyouza mtambo waliibadilisha ikiwa bado inakwenda, na amri ya kuondoa kumbukumbu za zamani ikageukia kazi za watafiti: terabaiti 77, faili zipatazo milioni 34, vikundi 14 vikaathirika na vinne havikuweza kurudishiwa vilivyopotea. Mlinzi alipewa amri mpya katikati ya zamu, akawafyatulia wenye nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kunakili yenyewe yapasa kuwekewa mwenzake. Mashine mbili, katika majengo mawili yaliyo mbalimbali, ziwe na ratiba moja ya kunakili. Moja ishike zamu, nyingine isikilize mapigo yake kila sekunde chache; mapigo yakikoma, ya pili ishike zamu na kuendelea pale ya kwanza ilipoishia, isianze upya. Mahali pa tatu awepo shahidi, maana waya kati ya hizo mbili ukikatika kila moja itadhani mwenzake amekufa, nazo zote zitaanza kuandika katika ghala moja, kama makarani wawili wanaojaza rejista moja bila kujuana. Matokeo yake ni uharibifu usiotambulika mpaka siku ya shida. Ratiba, orodha ya vilivyonakiliwa, na funguo za kufungulia nakala zilizofumbwa, vyote viwe na nakala zake nje ya jengo. Na kimya kihesabiwe kuwa ajali: taarifa ya kufaulu ifike kila asubuhi, na isipofika, mtu aende akaone. GitLab walingoja taarifa ya kushindwa. Haikuja, wakalala usingizi.

Hayo ni ya mafundi. Yapo mawili ambayo si yao, nayo ndiyo yanayokwepwa. Ni kazi ya muda gani idara iko tayari kuipoteza? Na inaweza kukaa muda gani bila mfumo wake? Orodha ya mishahara haivumilii kupoteza hata siku moja. Kumbukumbu za kikao cha michezo zaweza kungoja wiki. Alama za mtihani zikipotea kabla ya kutangazwa, hakuna fundi atakayezitunga upya. Kuamua lipi ni lipi ni wajibu wa mkuu wa idara, kwa sababu kila jibu lina bei yake, naye ndiye anayeketi panapogawanywa fedha. Akinyamaza, fundi atajibu kwa niaba yake kwa kadiri ya vifaa alivyonavyo, na mara nyingi vifaa hivyo ni diski moja iliyo chumba kile kile.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019 na kuunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliingia katika njia ile ile waliyopita wengine. Hilo ni jema, na mwananchi amekwisha kuonja manufaa yake. Lakini kadiri karatasi zinavyopungua ndivyo mabaki ya kuokoteza yanavyopungua. Wakorea angalau walikuwa na baadhi ya mambo yao katika karatasi. Ofisi ikishafuta masijala ya zamani, nakala ya akiba ndiyo masijala yake ya pekee.

Mkuu wa idara hana haja ya kungoja waraka. Amwite fundi wake, amtajie faili moja la mwezi uliopita, kisha aagize lirudishwe kutoka katika nakala ya akiba, kwenye mashine nyingine, yeye akitazama. Saa zilizotumika ziandikwe jaladani, pamoja na jina la aliyeifanya kazi hiyo na tarehe ya jaribio linalofuata.