Andreessen hakuzaliwa na wawekezaji

Jamani, nimechoka kusikia hadithi ya Marc Andreessen ikianzwa katikati. Eti 1994 alianzisha Netscape na Jim Clark, Agosti 1995 hisa zikaingia sokoni, 1999 AOL ikamaliza kuinunua, na 2009 akafungua kampuni ya uwekezaji, Andreessen Horowitz. Funzo tunalopewa: serikali ikae kando, wajanja wafanye kazi.

Na Mosaic je? Kivinjari hicho cha 1993, kilichoonyesha picha pamoja na maandishi, yeye na Eric Bina walikiandika wakiwa NCSA, kituo cha Chuo Kikuu cha Illinois kilichoendeshwa kwa pesa za umma. Mlipa kodi alipika, wawekezaji wakaja kupakua.

Mimi pia naandika programu, na simnyimi sifa zake. Lakini 2023 alitoa ilani inayotaja dola kushika uchumi kuwa adui. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo!

Basi anayewaambia kwamba maabara za vyuo vyetu vya umma ni hasara tupu, mwulizeni swali moja tu: Mosaic ilizaliwa wapi?