Mboga ya nyumbani kwa familia isiyo na uwanja

Miongoni mwa matumizi ambayo familia ya mjini haiwezi kuyakwepa hata siku moja ni fedha ya mboga. Kodi ya nyumba hulipwa kwa mwezi au kwa miezi sita, ada ya shule hulipwa kwa muhula, lakini mboga hununuliwa kila kukicha. Na kwa kuwa ni fedha ndogo ndogo, wengi wetu hatuihesabu. Tuchukue mfano wa familia inayonunua mafungu mawili ya mchicha au matembele kwa siku, kila fungu kwa shilingi 500. Kwa mwezi wa siku 30 zimetoka shilingi 30,000, na kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 360,000. Kwa mzazi ambaye kipato chake ni cha leo kipo kesho hakipo, hiyo si fedha ya kupuuzwa.

Tunapowashauri ndugu zetu walime japo sehemu ya mboga hiyo wenyewe, jibu tunalopewa mara nyingi ni moja: sisi ni wapangaji, uwanja tutautoa wapi? Jibu hilo lina haki yake. Anayeishi chumba kimoja Manzese au Tandale, anayeishi ghorofa ya nne Kariakoo, au aliye katika majumba marefu ya Michenzani kule Unguja, hana mahali pa kupiga jembe. Hata katika nyumba zetu za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati, ua ni wa wapangaji wote, na umekwisha jaa majiko, ndoo na kamba za kuanikia nguo.

Lakini mboga haihitaji uwanja. Inahitaji udongo, maji, jua na mtu wa kuitazama kila siku. Udongo hubebwa ndani ya kiroba, maji tunayo ambayo tunayamwaga, na jua hufika hata dirishani. Kilicho adimu ni hicho cha nne, nacho ndicho tutakachokiwekea mkazo mwishoni.

Si fedha peke yake

Ipo sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili, nayo ni usalama wa tunachokila. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walikuta humo madini mazito, yakiwemo risasi na kadimi. Madini hayo hayatoki kwa kuosha jani wala kwa kulichemsha, kwa sababu mmea huyanyonya kutoka ardhini pamoja na maji. Mwenye kuathirika zaidi na risasi ni mtoto mdogo, kwani hudhuru ukuaji wa ubongo wake.

Hatusemi haya ili kuwaharibia riziki wakulima na akina mama wanaotuuzia mboga. Wengi wao hulima mahali safi, na ni majirani zetu. Tunachosema ni kwamba mnunuzi wa sokoni hana njia ya kujua fungu alilolishika limemwagiliwa maji gani. Aliyelipanda mwenyewe anajua.

Gunia moja lenye bustani ndani yake

Njia iliyowafaa wengi wasio na ardhi ni bustani ya gunia. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, kilimo hiki kilienea baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa mwishoni mwa 2007, wakati chakula kilipokuwa adimu na ghali. Shirika la Kifaransa la Solidarités International liliwasaidia wakazi kwa miche na mafunzo, nao wakaotesha sukuma wiki na mchicha milangoni mwao.

Siri ya gunia ni kwamba halipandwi juu tu, bali hata ubavuni. Chukua kiroba kilichokuwa cha unga, mchele au sukari. Changanya udongo mzuri wa juu ndoo mbili kwa samadi iliyooza ndoo moja. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongeza mchanga kidogo. Tafuta kopo kubwa lililotolewa kitako. Lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Livute kopo juu, lijaze tena kokoto, zungushia tena udongo, mpaka kiroba kijae. Utabaki na nguzo ya kokoto katikati, ambayo ndiyo njia ya maji kufika mpaka chini. Bila nguzo hiyo, maji huishia juu na mizizi ya chini hukauka.

Liache gunia litulie siku mbili tatu huku ukilimwagilia. Kisha toboa matundu madogo ubavuni, kwa umbali wa shubiri moja baina ya tundu na tundu, yapishane yasiwe mstari mmoja. Katika kila tundu pandikiza mche wa sukuma wiki au chomeka rando la tembele. Juu ya gunia panda vitunguu vya majani, pilipili au nyanya moja.

Kwa anayeanza, mchicha ndio mwalimu mwema, kwa kuwa hauchelewi: wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu umefaa kuliwa. Usiung'oe. Ukate ukiacha vifundo viwili vitatu vya majani, nao utachipua tena. Matembele huvumilia jua na uzembe kuliko mboga nyingine. Sukuma wiki huchuma majani ya chini ukiacha kilele, na shina moja likitunzwa hutoa kwa miezi mingi. Nyanya, bilinganya na bamia hutaka ndoo ya lita 20 kila shina, iliyotobolewa chini, na jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mahali penye jua la saa nne pangia mboga za majani, giligilani na mnanaa.

Aliye ghorofani asiweke gunia kubwa barazani. Gunia lililojaa udongo mbichi laweza kuwa zito kuliko mtu mzima, na baraza nyingi hazikujengwa kwa mzigo wa namna hiyo. Yeye atumie ndoo na madumu yaliyokatwa, ayapange karibu na ukuta wa nyumba, na kamwe asiyaweke juu ya ukingo ambako yanaweza kumwangukia mpita njia. Na chombo chochote kilichobeba dawa ya wadudu, vilainishi vya magari au kemikali nyingine kisitumike, hata kioshwe mara saba.

Maji tunayoyamwaga

Watakaotuuliza kuhusu maji wana haki, kwani katika mitaa mingi dumu la maji nalo hununuliwa. Gunia moja siku ya jua kali huhitaji takriban lita 5. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga hayafai, huharibu udongo.

Yapo maji mengine ambayo kila nyumba ya Kiislamu inayo, nayo ni ya udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, maji machache yaliyokwisha tumika kwa udhu wa faradhi hayafai kutawadhia tena, lakini yenyewe ni tohara, na hakuna kizuizi cha kuyamwagilia mimea. Watu watano wakitawadha nyumbani mara tatu kwa siku juu ya beseni, kila mmoja kwa lita moja, beseni limekusanya lita 15. Hayo ni maji ya magunia matatu. Wala lita moja si chache: Mtume (SAW) imepokewa kuwa alitawadha kwa mudd moja, ambayo haifiki lita. Kwa hiyo makusudio si kufungua bomba kwa kisingizio cha mchicha, kwani israfu ni israfu hata kama chini yake pana mmea.

Maji hayo yafike kwenye mizizi siku hiyo hiyo. Yakibaki kwenye visahani na makopo yatazalisha mbu, na Dar es Salaam haijasahau milipuko ya homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019, ambayo mbu wake huzaana katika maji safi yaliyotuama majumbani.

Samadi na tohara

Baadhi ya ndugu zetu huingiwa na wasiwasi juu ya samadi: kinyesi cha mnyama ni najisi katika madhehebu yetu, je, mboga iliyooteshwa kwa samadi inaliwa? Wanazuoni wa Kishafi wamelieleza hili zamani. Inaruhusiwa kurutubisha shamba kwa samadi, na mmea uliotoka humo ni tohara. Iwapo samadi imegusa jani, jani huoshwa. Ni jambo jema pia kiafya kutumia samadi iliyooza mpaka ikawa kama udongo na harufu yake ikaisha. Mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu.

Asiyependa kuishika kabisa anaweza kutengeneza mboji kwa maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga na majani makavu, katika ndoo yenye matundu na mfuniko. Baada ya miezi mitatu hivi ameshapata mbolea. Na wadudu wakija, loweka majani ya mwarobaini yaliyotwangwa usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni.

Haki za wengine

Bustani ya nyumba ya kupanga ina watu watatu wenye haki juu yake kabla ya mwenye bustani kuchuma jani la kwanza.

Wa kwanza ni mwenye nyumba. Aombwe ruhusa kabla, kwa uwazi, si agundue magunia yameegemea ukuta wake yakiuloanisha. Weka matofali chini ya gunia, na acha nafasi ya kupitisha mkono baina yake na ukuta.

Wa pili ni jirani. Maji ya matope yakidondoka kutoka barazani kwako kwenye kanzu iliyoanikwa ghorofa ya chini, umemdhulumu. Gunia likiziba njia ya ukumbi anamopita bibi kizee usiku kwenda msalani, umemdhulumu. Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) anapopika mchuzi auongeze maji na awakumbuke jirani zake. Ikiwa mchuzi huongezwa maji kwa ajili ya jirani, basi na fungu moja la matembele kila yanapochumwa lisituwie zito. Katika ua wa wapangaji sita, fungu hilo hufanya kazi kuliko maneno: aliyeonja ndiye atakayekuchungia gunia lako na mbuzi wa mtaani.

Wa tatu, ambaye husahauliwa, ni mama wa nyumba mwenyewe. Hapa ndipo tulipoahidi kurejea. Mipango mingi ya namna hii huanza kwa shangwe ya baba siku ya Jumapili, naye akishajaza udongo huamini kazi imekwisha. Kuanzia Jumatatu kumwagilia, kupalilia na kuchuma kunamwangukia yule yule ambaye tayari anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Baada ya mwezi amechoka, mchicha umekauka, na lawama anabebeshwa yeye. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (SAW) nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake mpaka wakati wa swala ulipofika. Baba anayeweza kusubiri iqama anaweza kubeba beseni la udhu mpaka kwenye gunia.

Watoto nao wapewe kila mmoja ndoo yake. Mtoto aliyesia mbegu mwenyewe, akangoja siku nne tano akichungulia asubuhi na jioni mpaka ikachomoza, hujifunza subira bila kuhutubiwa. Na mboga aliyoipanda kwa mkono wake hasusi kuila.

Tusidanganyane

Magunia matatu hayataijaza ghala, wala hayatatoa unga, mchele au mafuta ya kupikia. Familia ya watu sita itachuma mboga ya kutosha mara mbili au tatu kwa wiki iwapo itapanda kwa zamu, ndoo moja wiki hii na nyingine baada ya wiki mbili, badala ya kusia zote siku moja na kuvuna zote siku moja. Siku nyingine itanunua kama kawaida. Lakini turudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo: siku tatu kwa wiki, kwa shilingi 1,000 kwa siku, ni shilingi 3,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 156,000 ambazo hazikutoka mfukoni. Toa gharama ya mbegu na samadi, bado inabaki sare ya shule. Tena siku ile ambayo baba amerudi mikono mitupu, na siku hizo zipo katika nyumba nyingi, sufuria haikosi kitu cha kuwekwa pembeni ya ugali.

Mwenye kutaka kuanza asianze na magunia kumi. Aanze na kiroba kimoja na ndoo mbili, aombe ruhusa, agawe zamu za kumwagilia baina ya wakubwa na wadogo, kisha aongeze kadiri mkono unavyozoea. Nasi tunakumbuka mafundisho ya Mtume wetu (SAW) kwamba anachopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Hakuwekewa sharti la ekari.

Tunamuomba Allah (SW) azibariki riziki zetu, zilizo nyingi na zilizo chache, na azijaalie nyumba zetu kusaidiana. Wabillahi tawfiq.