Maili za London na Saa Zake

Mzee mwenye mtoto anayesoma Uingereza huletewa habari kwamba kijana ataondoka London saa nne asubuhi, naye atawasili Nairobi saa nne usiku. Mzee huhesabu kwa vidole, akapata saa 12. Kisha hukumbuka kwamba siku ya kwenda kijana aliondoka Nairobi saa tatu asubuhi akafika London saa tisa alasiri, yaani saa 6 tu. Je, njia ya kurudi ni ndefu mara mbili? La, hasha. Kila safari huchukua kama saa 9. Nairobi hutangulia London kwa saa 3 wakati wa baridi, na kwa saa 2 wakati wa joto, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele. Basi yafaa kwanza kugeuza nyakati zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo kutoa. Asiyefanya hivyo huenda akakesha Embakasi bure.

Ama maili, hizo hazina ubishi. Ukinyosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi mpaka London, utapata kama maili 4,250, nazo ni zile zile tangu zamani. Kilichobadilika ni mwendo wa ndege, na vituo inavyotua njiani.

Mwaka 1952, tarehe 1 Februari, Binti Mfalme Elizabeth alitua Eastleigh, maana kiwanja cha Embakasi hakikufunguliwa mpaka 1958. Ndege yake, Atalanta, ilikuwa ya mapangaboi manne, nayo ilitua El Adem katika nchi ya Libya kutia mafuta. Safari nzima ilikuwa ya saa 19 hivi.

Alfajiri ya tarehe 6 baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini. Binti alikuwa amelala Treetops karibu na Nyeri, wala hakujua lolote. Habari ilimfikia alasiri, nyumbani Sagana. Jioni ile ile alikwenda Nanyuki, akapanda ndege ndogo mpaka Entebbe, na huko tufani ikamzuia kwa muda wa saa kadha. Msiba haukuituliza mvua. Karibu na usiku wa manane Atalanta iliruka, ikapita tena El Adem, na Malkia mpya alikanyaga ardhi ya London tarehe 7 alasiri, baba yake akiwa amekwisha kufa tangu usiku wa juzi.

Kutoka Entebbe hadi London ni zaidi kidogo ya maili 4,000. Ndege ya siku hizi, inayokwenda bila kutua, kama ingaliondoka Entebbe saa ile ile, ingalimfikisha kwao kabla jua la tarehe 7 halijachomoza.