Shahidi Hahesabiwi, Huulizwa

Miongoni mwa hoja zinazowapotosha watu kwa urahisi ni ile isemayo kwamba watu sitini hawawezi kukosea kwa pamoja. Hoja hii hutumiwa sana na wale wanaoamini kuwa visahani vya angani huitembelea dunia yetu, na barani Afrika hutumiwa hasa kuhusu mkasa wa Shule ya Ariel. Twataka kuipinga hapa. Nia yetu si kuwadhihaki walioona, bali ni kwa sababu namna taifa linavyowapima mashahidi wake ni sehemu ya utamaduni wake.

Mkasa wenyewe ni huu. Tarehe 16 Septemba 1994, katika mji mdogo wa Ruwa karibu na Harare, nchini Zimbabwe, wanafunzi walikuwa nje katika mapumziko ya asubuhi na walimu wao walikuwa mkutanoni. Watoto wapatao 62, wenye umri wa miaka 6 hadi 12, walisema waliona chombo king'aacho kikitua penye vichaka nje ya uwanja, pamoja na viumbe wenye mavazi meusi na macho makubwa. Siku chache baadaye alifika mwandishi wa BBC, Tim Leach, kisha Cynthia Hind, aliyekuwa akikusanya habari za namna hii. Kabla mwaka haujaisha alifika pia John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Tangu hapo pamekuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hawa ni watoto tu, maneno yao yatupwe. Dharau hii hatuikubali. Hata mahakama haziwatupi watoto. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, humruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kwanza kusema kweli. Kundi la pili husema: mtoto hajui kudanganya, basi alilosema limekuwa. Hili nalo mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza ni nani aliyevunja dirisha ataona jinsi lilivyo jepesi.

Makundi yote mawili yamekosea jambo moja. Yanadhani kwamba shahidi ama ni mkweli ama ni mwongo. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo iliyo pana zaidi: mtu aweza kusema kwa moyo safi jambo ambalo halikuwa. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wataalamu wa saikolojia nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari kwa neno la kawaida la kugongana, wengine kwa neno kali la kupondana. Baada ya juma moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika wanafunzi 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Katika 50 wa neno la kawaida, 7. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hakuna aliyedanganya. Neno moja la muulizaji lilitosha kubadili kumbukumbu.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza maswali. La kwanza: mashahidi walikuwa wamesikia nini kabla? Usiku wa tarehe 14 Septemba, siku mbili tu kabla ya mkasa, moto mkubwa ulionekana ukipita angani kusini mwa Afrika. Wachunguzi wameueleza kuwa ni mabaki ya roketi ya Kirusi yaliyokuwa yakirudi duniani. Lakini mazungumzo ya vyombo vya angani yalikuwa yamekwisha kuenea.

La pili: je, waliulizwa kila mmoja peke yake? Watoto walikuwa pamoja siku zote hizo, na baadhi yao walihojiwa na Hind kwa makundi, huku wakisikilizana. Ushahidi wa namna hiyo hauwi tena ushahidi wa watu wengi. Huwa habari moja yenye vinywa vingi.

La tatu: muulizaji alikuwa akitafuta nini? Mwaka huo huo wa 1994 Mack alikuwa amechapisha kitabu juu ya watu wanaodai kuchukuliwa na viumbe wa angani. Habari kwamba viumbe wa Ruwa waliwaonya watoto juu ya kuharibiwa kwa dunia ilipata nguvu hasa katika mahojiano yake.

La nne: nini kilichobaki nje ya maneno? Hapana picha ya chombo, wala kipande chake. Tena si wanafunzi wote waliokuwa uwanjani waliosema wameona.

Hatusemi kwamba maswali haya yanathibitisha kuwa hapakuwa na kitu. Twasema kwamba idadi ya 62 haijibu hata moja kati yake. Kipimo hiki hukata pande zote mbili. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa zamani alidai kuwa yeye ndiye aliyeanzisha habari ile kwa utani. Wapinzani walishangilia. Lakini kauli iliyotolewa karibu miaka 30 baadaye nayo ni ushahidi unaopasa kuulizwa, hasa maadam wenzake kadhaa, nao wakiwa watu wazima, wameshikilia walichosema.

Iko pia dhuluma moja isiyosemwa sana. Baadhi ya watoto wadogo waliogopa wakidhani wamemwona tokoloshi, kiumbe wa kutisha wa masimulizi ya kusini mwa Afrika. Hilo lilikuwa jina lao, kutoka nyumbani kwao. Wageni walilisikia, wakaliweka kando kama ushirikina, wakaweka mahali pake mgeni wa kutoka nyota za mbali. Kwa nini jina moja liitwe ujinga na la pili liitwe uchunguzi, ilhali yote mawili hayana kithibitisho? Hii ndiyo kasumba tunayopaswa kuikataa.

Wapo watakaouliza: yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Miezi michache baada ya mkasa wa Ruwa, mwaka 1995, habari za Popobawa zilienea Pemba na Unguja. Mashahidi walikuwa wengi, nao walikuwa na hofu ya kweli. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi lililodhani ndiye. Na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu majirani waliona macho yao mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, wakashuhudia kuwa ni wachawi. Macho mekundu waliyaona kweli. Uchawi waliuongeza wenyewe.

Mtu asitujibu kwa methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wala asituambie kwamba wengi wape. Wengi hupewa mahali pa kuchimba kisima. Hawapewi kuamua kama kisima kina maji. Urithi wetu una mafunzo bora zaidi. Wanazuoni wa hadithi, ambao elimu yao imefundishwa katika madrasa za pwani yetu kwa vizazi vingi, hawakuridhika na wingi wa vinywa. Waliuliza ni nani aliyemsikia nani, je, walikutana, na kumbukumbu yake ilikuwaje.

Ndugu walimu, kazi hii ni yetu. Wanafunzi wanapoleta habari ya ajabu, tusiwacheke wala tusiwashangilie. Tumpe kila mmoja karatasi, aandike peke yake alichokiona kabla hajazungumza na mwenzake, kisha tusome pamoja na kutenganisha kilichoonwa na kilichodhaniwa. Kijana aliyezoezwa hivyo darasani, siku atakapolikuta kundi lenye mawe mlangoni kwa kikongwe, atajua la kuuliza.