Picha za Karagwe Zilizoko Edinburgh

Hekalu la Taizo-in, mjini Kyoto, nchini Japani, linamiliki picha ya wino iliyochorwa na mtawa Josetsu yapata mwaka 1415. Mtu mwenye mavazi duni amesimama ukingoni mwa kijito, ameshika kibuyu, anakusudia kumnasa kambare. Ndugu msomaji wa Kagera, ambaye kibuyu unakijua kwa rubisi na kambare unamjua kwa utelezi wake, bila shaka umekwisha kucheka. Hata waliomzunguka mtawala Ashikaga Yoshimochi, aliyeiagiza picha hiyo, nadhani walicheka. Kisha wakaombwa kujibu: kambare atanaswaje kwa kibuyu? Watawa 31 walijibu, kila mmoja kwa shairi lake, na majibu yao yangalipo juu ya picha, kwani ilipoondolewa katika kiambaza kidogo na kufanywa ya kutundika, ya kukunjwa kama mkeka, mashairi hayakutupwa.

Nimeikumbuka picha hiyo kwa sababu ya nyingine zinazotuhusu zaidi, na ambazo mpaka leo hazijapata majibu ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe katika makao ya Omukama Rumanyika. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant hakuweza kutembea. Mguu wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha, na maelezo aliyoyaandika baadaye juu ya maradhi hayo yamewafanya matabibu kudhani kuwa yalikuwa kidonda cha Buruli. Kama ndivyo, basi ni miongoni mwa maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa huo, nao uliandikwa ukiwa Karagwe. Wenyeji walimuuguza kwa dawa zao, pamoja na kumkanda kwa samadi ya ng'ombe. Alikaa hapo hadi Aprili, alipochukuliwa kuelekea kaskazini.

Mgonjwa huyo alikuwa na karatasi na rangi za maji, naye alichora. Michoro yake ya safari ile imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Hata hivyo, wengi walioiona Karagwe ya Rumanyika kwa macho ya kitabu hawakuiona kwa mkono wa Grant. Kitabu cha Speke kilipotolewa mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant, lakini zilichorwa upya kwa ajili ya uchapaji na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akiishi London. Zwecker alikuwa fundi hodari wa wanyama. Karagwe hakupata kufika. Kwa hiyo kilima, uso na vazi vilipita katika mkono wa pili usiojua kipi ni cha lazima na kipi ni pambo. Hizo ndizo picha zilizorudiwa.

Wala si picha tu. Speke alichukua futi kamba akampima mwili shemeji wa kike wa Omukama, kwa kuwa wanawake wa jamaa ya kitawala walinenepeshwa kwa maziwa. Vipimo hivyo vilichapishwa, vikasomwa kama kioja. Mwanamke mwenyewe alionaje kupimwa na mgeni? Unene ule ulikuwa na heshima gani nyumbani kwake? Hayo yangeelezwa na bibi wa Kinyambo kwa sentensi mbili tu, lau angalikuwapo wa kumwuliza.

Tangu mwaka 2019 jina la Rumanyika limepewa hifadhi ya taifa, na Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe, ni wilaya tangu 2012. Majina hayajapotea. Kinachopotea ni maelezo: ngoma ile ilipigwa lini, mkuki ule ulichukuliwa na nani, kilima kile kinaitwaje na wenyeji. Mzee mwenye miaka 90 leo alizaliwa katika miaka ya 1930. Babu yake aliweza kuzaliwa Rumanyika angali hai. Mnyororo huo una pete moja tu katikati, na kila mwaka unazidi kulika.

Kuzidai karatasi zenyewe ni shauri refu, nami siliingii hapa. Lakini nakala zake zaweza kuombwa, zikachapwa kwa ukubwa wa kutosha, zikatundikwa shuleni Bweranyange na Murongo, na juu ya kila moja ikaachwa nafasi nyeupe pana. Wazee waitwe, wajukuu washike kalamu. Wasianze na Omukama wala na wageni wake. Waanze na vilima, kwa kuwa hivyo bado vipo na kila mmoja aweza kutoka nje akalinganisha.