Usilale Bado, Jua Lingalipo

Ndege inayoondoka London saa 6 mchana hutua Los Angeles karibu saa 9 alasiri, siku ileile. Saa ya ukutani imesogea saa 3 tu. Abiria amekaa kitini saa 11, na mwili wake unahesabu saa 5 usiku.

Hapo ndipo wengi hukosea. Msafiri anafika hotelini, anavuta pazia, anajinyoosha kitandani “kidogo tu”, viatu vikiwa bado miguuni. Anazinduka saa 8 usiku, macho makavu, njaa inamuuma, na mji mzima umelala.

Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufichua jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya mwili. Kwa watu wengi saa hiyo huzidi kidogo saa 24, ndiyo maana kuirefusha siku kwa kwenda magharibi ni rahisi kuliko kuifupisha kwa kwenda mashariki. Kinachoirekebisha zaidi ni mwanga, na mwanga wa jioni huichelewesha, jambo ambalo msafiri huyu analihitaji hasa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Atoke nje, atembee mpaka jua lizame, ale chakula chepesi, avumilie hadi saa 3 usiku. Kahawa aiache ndegeni.

Na usukani, tafadhali, amwachie mwingine siku hiyo: usingizi haubishi hodi.