Tembo wa Romain Gary wanatuhusu

Mwaka 1956 Romain Gary alipewa Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi nchini Ufaransa, kwa riwaya yake Les Racines du ciel. Mhusika wake, Morel, anazunguka Chad ya enzi za ukoloni akiomba watu watie saini waraka wa kupinga uwindaji wa tembo. Wengi wanamcheka, na anaposhika bunduki wanamwita mwendawazimu. Riwaya hiyo husifiwa kwa kutetea wanyamapori mapema. Sifa hiyo ni ya haki, ila inaacha jambo kubwa zaidi: Gary alikuwa akitetea utu.

Morel alijifunza kuwapenda tembo akiwa na njaa. Katika kambi ya Wanazi, wafungwa walijipa nguvu kwa kuwawazia tembo wakikimbia nyikani bila kizuizi. Siku moja, wakiwa wamebeba mifuko ya saruji, wanawaona mbawakawa walioanguka chali. Wanainama kuwageuza ili waruke, ingawa wanajua watapigwa. Gary, Myahudi aliyezaliwa Vilnius mwaka 1914 na kupigana dhidi ya Ujerumani akiwa katika ndege za kivita, alijua alichokiandika: anayebaki na huruma kwa kiumbe kisichomfaa kitu bado hajashindwa.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mapenzi ya Mzungu, na kwamba mkulima ambaye shamba lake la mahindi limeliwa usiku mmoja hana nafasi ya kuyasikiliza. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli Waafrika wa riwaya hii wanaonekana zaidi kwa macho ya Wazungu. Mkulima huyo alipwe fidia, na kwa wakati. Lakini kilio chake kisigeuzwe kinga ya majangili. Hesabu za Tanzania zilionyesha tembo wakishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014, na ujangili wa pembe ndio uliobeba lawama kubwa. Biashara ile haikumwondolea mkulima umaskini. Gary aliliona hilo mapema: katika riwaya yake, Waïtari, mwanasiasa anayedai kupigania uhuru, anawaua tembo ili pembe zao zimnunulie silaha. Utawala unaoona thamani ya kiumbe katika bei yake tu hautachelewa kumpima raia wake kwa mizani hiyohiyo. Kwa hiyo kumlinda tembo na kumlinda mkulima ni wajibu mmoja, na serikali inayotimiza nusu yake haijautimiza.